Jinsi ya kutengeneza mpinzani wa drafti anayenoga kwa kutumia akili mnemba

Mwongozo huu ni wa kijana wa Moshi au Arusha mwenye laptopu ya kawaida, hata ya mkono wa pili, anayejua Python kidogo na anayetaka kutengeneza mchezo ambao watu wataurudia bila kubembelezwa. Tutatumia drafti. Sheria zake ni fupi, ubao una miraba 64, kila upande una kete 12, na watu wa kuujaribu hutawatafuta mbali: nenda Mbuyuni, nenda stendi, nenda kijiwe chochote cha bodaboda, utakuta kipande cha mbao kilichochorwa na visoda juu yake, upande mmoja vimegeuzwa na upande mwingine vimelala.

Niseme mapema ninachokiamini, maana hatua zote zinatoka hapo. Mashine inayoshinda drafti si kitu kipya. Programu ya Chinook, iliyotengenezwa na Jonathan Schaeffer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Alberta huko Kanada, ilichukua ubingwa wa dunia wa binadamu dhidi ya mashine mwaka 1994, na mwaka 2007 watafiti hao wakathibitisha kwamba pande zote mbili zikicheza bila kukosea, mechi inaisha sare. Ile ni drafti ya kwao, ambayo kingi anatembea mraba mmoja mmoja, lakini ujumbe ni uleule: kushinda kumeshapatiwa ufumbuzi. Kazi iliyobaki, na ambayo wengi wanaotengeneza michezo wanairuka, ni kumtengeneza mpinzani ambaye ukifungwa naye unasema "panga tena".

Hatua ya 1: Andika sheria za kijiwe chako

Usianze na kompyuta. Chukua daftari, kaa kijiweni, uliza. Kete ya kawaida inaruhusiwa kula kurudi nyuma? Kingi anakimbia mstari mzima au anatembea hatua moja? Ukiwa na njia mbili za kula, ni lazima ufuate yenye kete nyingi au unachagua? Asiyekula anaadhibiwa vipi: analazimishwa kula, au kete yake inaondolewa ubaoni? Wakibaki kingi kwa kingi, mnahesabu mara ngapi kabla ya kusema sare?

Majibu hayafanani kila mahali. Ukiipeleka programu Ngarenaro au Sakina, uliza upya, na ikibidi weka sehemu ya mipangilio ambayo mchezaji anachagua sheria zake. Mchezaji mzoefu akiona programu inamkataza mwendo anaoucheza tangu utotoni, anaifuta siku hiyohiyo, na hata ungekuwa na akili mnemba ya namna gani haitakuokoa.

Hatua ya 2: Tengeneza mchezo wa watu wawili kwanza

Watu wawili, kifaa kimoja, hakuna mashine inayocheza. Python ni ya bure, na Pygame ya kuchorea ubao ni ya bure pia. Ukitaka kufikia simu kwa urahisi zaidi baadaye, Godot nayo ni ya bure na inatoa faili la Android. Mimi ningeanza na Python kwa sababu makosa yake yanasomeka, kisha mchezo ukishakubali ningeuhamishia Godot ili uingie kwenye simu.

Hapa ndipo programu za mazungumzo kama ChatGPT, Gemini au Claude zinapokufaa sana. Usiziambie "nitengenezee drafti", maana zitakuletea drafti ya Marekani na kingi wake wa hatua moja. Bandika sheria ulizoandika daftarini, neno kwa neno, kisha omba kipande kimoja kimoja: kwanza ubao, halafu orodha ya miendo halali, halafu kula, halafu kula mfululizo, mwisho kingi. Kila kipande kiendeshe na ukione kinafanya kazi kabla ya kuomba kinachofuata. Kwa namna hiyo hata bando lako halimaliziki kwenye kurudia mambo yaleyale, na umeme ukikatika katikati una kitu kilichokamilika.

Usiamini msimbo kwa sababu umeandikwa vizuri. Panga hali chache za ubao kwa mkono na uangalie programu inafanya nini. Hali ya kwanza: kete yako moja, mbele yake kwa mshazari kete ya mpinzani, nafasi tupu, kete nyingine ya mpinzani, nafasi tupu. Programu ni lazima ile zote mbili kwa mwendo mmoja. Hali ya pili: kete inafika mstari wa mwisho kwa kula, na akishakuwa kingi kuna kete nyingine ya kuliwa. Je, anaendelea au anasimama? Jibu liko daftarini mwako, haliko kwenye kompyuta. Hali ya tatu: kingi anakula kwa mzunguko na kurudi kwenye mraba alioanzia. Hii ya tatu ndiyo inayoangusha programu nyingi, kwa sababu mwandishi alisahau kwamba mraba wa kuanzia umeshakuwa wazi.

Hatua ya 3: Mpe mashine uwezo wa kuona mbele

Sasa mpinzani. Hatutatumia programu ya mazungumzo kucheza drafti. Zile zinatabiri maneno, na katikati ya mechi zinaweza kusogeza kete ambayo haipo. Isitoshe kila mwendo ungekula intaneti. Tunatumia mbinu ya zamani inayoitwa minimaksi, ambayo inaendeshwa ndani ya simu yenyewe bila bando hata senti.

Wazo lake kila mchezaji wa kijiweni analo kichwani: "nikienda hapa, atakula pale, nami nitajibu hivi." Mashine inajaribu kila mwendo wake, kwa kila mmoja inajaribu kila jibu lako, na kuendelea hivyo hadi kina ulichoiwekea, yaani idadi ya miendo ya kuangalia mbele. Kisha inachagua njia ambayo hata ukijibu vizuri kiasi gani, yenyewe inabaki na hali nzuri. Moyo wake ni mfupi hivi:

def thamani(ubao, kina, zamu_ya_mashine):
    if ubao.umeisha() or (kina <= 0 and not ubao.kuna_kula()):
        return pima(ubao)
    alama = []
    for mwendo in ubao.miendo_halali():
        mpya = ubao.baada_ya(mwendo)
        alama.append(thamani(mpya, kina - 1, not zamu_ya_mashine))
    return max(alama) if zamu_ya_mashine else min(alama)

Angalia ule mstari wa pili kwa makini. Kina kikiisha, mashine haisimami kama bado kuna kete ya kuliwa. Ukiondoa sharti hilo, mashine itaishia katikati ya kuliana, itajiona imekula kete moja na kufurahi, kumbe mwendo unaofuata wewe unakula tatu.

Kazi ya pima ni kuutazama ubao na kutoa namba: alama za mashine ukiondoa alama za mpinzani wake. Anza na kete ya kawaida alama 100. Kingi anayekimbia mstari mzima mpe 350 au zaidi, maana nguvu yake si ya mchezo. Ongeza alama ndogo, 10 hivi, kwa kila kete iliyobaki mstari wa nyuma ikilinda, na alama 5 kwa kete iliyo katikati ya ubao. Mashine ikifungwa, toa namba kubwa hasi. Yatosha kwa kuanzia.

Kuhusu kina: tuseme kila zamu ina miendo 8. Kuangalia miendo minne mbele ni hali 4,096. Sita mbele ni 262,144. Ndiyo maana simu inaanza kupata moto. Dawa yake inaitwa alfa-beta: ukishagundua kwamba mwendo fulani una jibu linalokuumiza kuliko mwendo mwingine uliokwisha kuupima, huna haja ya kuendelea kuuchunguza, unauacha. Omba programu ya mazungumzo ikuongezee alfa-beta kwenye msimbo huo. Hili inalifanya vizuri. Ila iambie isikate kwenye ngazi ya kwanza kabisa, ile ya miendo ambayo mashine inachagua sasa hivi. Tutahitaji alama halisi za miendo yote hiyo katika hatua inayofuata, na alfa-beta ikikata hapo, alama za miendo iliyoachwa zinakuwa si za kweli.

Hatua ya 4: Mfanye afungike, lakini kwa heshima

Hapa ndipo uhondo ulipo, na ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote.

Mashine inayoona miendo minane mbele itamfunga karibu kila mtu, na mtu akifungwa mfululizo bila kuona alipokosea anaweka simu mfukoni. Njia ya uvivu ya kuipunguza nguvu ni kuiambia icheze ovyo mara moja kati ya tano. Usifanye hivyo. Mashine itacheza kibingwa mara nne, halafu ya tano itoe kingi bure, na mchezaji atajua amepewa. Ushindi wa kupewa hauna ladha. Mtu mzima ataona amedharauliwa.

Njia nzuri ni tatu, na zinakwenda pamoja. Ya kwanza, punguza kina. Mashine inayoona miendo miwili mbele inakosea kama mtu anayejifunza anavyokosea: inalinda kete iliyo hatarini sasa hivi, lakini haioni mtego wa hatua ya tatu. Mchezaji akiutega mtego huo na ukanasa, ushindi ni wake kweli.

Ya pili, ruhusu hiari kidogo kati ya miendo inayokaribiana. Pima miendo yote, tafuta yenye alama kubwa, kisha chagua kwa bahati nasibu kati ya ile isiyopungukiwa zaidi ya alama 15 kutoka kwa bora. Kwa kuwa kete moja ni 100, mashine haitatoa kete bure, ila haitacheza mechi ileile kila siku. Usipofanya hivi, mchezaji mjanja ataikariri mechi moja aliyoshinda na kuirudia milele.

Ya tatu, mpe muda. Simu inaweza kujibu kabla mchezaji hajainua kidole kwenye kioo, na kwa mzee aliyezoea kumwona mwenzake akikuna kidevu, jibu la papo hapo linamfanya ajione anapigana na ukuta. Weka subira ya sekunde moja hivi kwenye mwendo wa kawaida, na sekunde mbili au tatu pale ambapo miendo miwili bora inakaribiana sana, kwa sababu hapo hata binadamu angefikiri. Mwendo wa kula wa lazima ujibu haraka. Ni kitu kidogo cha mistari mitatu, na kinabadilisha mchezo kuliko kuongeza kina.

Ukitaka ugumu ujirekebishe wenyewe, fanya kati ya mechi na mechi: mchezaji akifungwa mara mbili mfululizo, punguza kina kwa moja; akishinda mara mbili, ongeza. Usibadilishe katikati ya mechi. Kwenye michezo mingine inafaa kufanya hivyo. Left 4 Dead ya mwaka 2008 ina mfumo unaowatazama wachezaji na kuamua lini uwaletee maadui wengi na lini uwaache wapumue, na inanoga kwelikweli. Lakini kule mchezaji haoni hesabu. Kwenye drafti kila kitu kiko wazi ubaoni, na mpinzani aliyekuwa simba mwanzoni akageuka kondoo mwishoni anaonekana. Tena mwambie mchezaji ngazi aliyopo. Akijua amepanda kutoka ngazi ya tatu kwenda ya nne, atataka ya tano.

Hatua ya 5: Mpe tabia

Pac-Man ulitoka mwaka 1980, na vile vizuka vyake vinne bado vinafundisha. Kila kimoja kina kanuni yake: chekundu kinakufuata ulipo, cha waridi kinalenga mbele ya uelekeo wako ili kikuzibie njia. Kanuni ni fupi, lakini ukicheza unaona kama vina nia tofauti.

Wewe huna haja ya kuandika mashine tatu. Una pima moja yenye namba, badilisha namba. Mpinzani wa kwanza mfanye mshambuliaji: alama za kulinda mstari wa nyuma ziwe sifuri, na za kusogea mbele ziwe kubwa. Wa pili mfanye mlinzi: mstari wa nyuma alama 30, hasogei mpaka abanwe. Wa tatu mfanye anayependa kuliana: akiwa mbele kwa kete, mpe alama kila idadi ya kete inapopungua pande zote mbili. Wape majina unayotaka, ila usitumie jina la mtu wa kijiweni bila ruhusa yake.

Namba zenyewe usizipatie kwa kubahatisha tu. Waache wapinzani wako wacheze wao kwa wao usiku kucha, kila mmoja akianza nusu ya mechi, halafu asubuhi angalia nani kashinda mara ngapi. Arthur Samuel wa IBM alikuwa akiifanya programu yake ya drafti ijirekebishe kwa kucheza dhidi ya nafsi yake tangu miaka ya 1950, kwenye mashine dhaifu kuliko simu ya tochi. Laptopu yako inaweza. Unachotafuta si mmoja awe bingwa. Unatafuta wote watatu wawe karibu, ili mchezaji achague tabia na si ugumu.

Hatua ya 6: Mpe mdomo

Drafti bila maneno ni nusu ya drafti. Mpinzani aseme kitu anapokula, anapoliwa, anapopata kingi, anapofungwa. Hapa rudi kwenye programu ya mazungumzo, lakini kwa tahadhari: ukiiomba utani wa Kiswahili bila maelezo, itakupa kitu kama "Hongera kwa hatua yako nzuri, mpinzani wangu mpendwa." Hakuna mtu Pasua wala Majengo anayesema hivyo.

Andika mwenyewe mistari kumi uliyoisikia, kisha ibandike na uombe mingine inayofanana nayo. Kwa mfano:

"Taratibu mangi, haraka ya wapi?"
"Hiyo umenipa mwenyewe, sijaomba."
"Kula kwanza, malalamiko baadaye."
"Leo umekuja na hesabu, naona."

Kati ya itakayokuletea, chagua michache na tupa mingi. Isome kwa sauti. Ukiona ulimi unajikwaa, futa. Hifadhi iliyobaki kwenye faili ndani ya mchezo, ili mpinzani aongee hata simu ikiwa haina bando. Asiongee kila mwendo pia. Mara moja katika miendo minne au mitano inatosha, na mstari uliotumika usirudi mechi hiyo.

Mwanzoni muulize mchezaji aitweje: mzee, mama, dada, kaka, mangi, au jina. Aliyechagua mzee, mashine imwamkie "Shikamoo mzee" kabla ya kupanga kete, na utani wake uwe wa mjukuu kwa babu: "Babu, hapo macho yalikuwa wapi?" inapita, "dogo umeisha" haipiti. Utani wa kabila, dini au umaskini usiuweke kabisa, na kwa kuwa programu ya mazungumzo inaweza kuuleta bila kujua, pitia kila mstari kwa macho yako.

Picha na sauti nitazipita haraka. Piga picha ya visoda halisi juu ya mbao halisi. Inapendeza kuliko picha yoyote ya kutengenezwa. Sauti ya kete ikigonga ubao irekodi kwa simu, chumbani, dirisha likiwa limefungwa.

Hatua ya 7: Mpe mtu simu, kisha nyamaza

Chagua watu wa aina mbalimbali: mzoefu wa kijiweni, mwanafunzi, na mtu ambaye hajacheza drafti miaka mingi. Mpe simu mkononi, mwambie "cheza", basi. Usielekeze, usitetee, usiseme "hapo bonyeza kule". Akikwama, andika alipokwama. Akicheka, andika alicheka wapi. Akisema "mashine inaiba", usibishane. Kagua mechi hiyo, kwa sababu mara nyingi kuna sheria ya kijiwe ambayo daftari lako halina. Kwa hiyo programu ihifadhi orodha ya miendo ya kila mechi ndani ya simu, uweze kuicheza upya.

Baada ya mechi ya kwanza usiulize kama ameipenda. Watu wetu wana adabu, watasema nzuri. Nyoosha mkono kama unataka kuchukua simu yako na uone: anakurudishia, au anasema "subiri kidogo"? Hicho ndicho kipimo nitakachokuomba ukiamini. Watatu wakirudisha simu mara moja, rudi hatua ya 4 kabla ya kugusa kitu kingine chochote, maana karibu kila mara tatizo liko kwenye ugumu au kwenye kasi ya kujibu, na si kwenye rangi za ubao.

Usiweke kucheza kwa fedha ndani ya mchezo. Ukifanya hivyo umeingia kwenye mambo ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na vijana watacheza kwa sababu nyingine kabisa. Wala usikusanye namba za simu na majina ya watu. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mchezo huu hauhitaji kumjua mtu ili umfurahishe.

Faili likiwa tayari, lipunguze ukubwa kadiri uwezavyo, litume WhatsApp kwa watu wale wale waliojaribu, na uwaombe wakutumie faili la miendo la mechi waliyofungwa kwa uchungu zaidi. Mechi hizo zicheze upya moja moja mbele ya mashine ya kina kikubwa. Itakuonyesha mwendo ambao mchezaji alikosea, na hapo una kitu kipya cha kuongeza: kitufe cha "nilikosea wapi?" kitakachomrudisha hadi kwenye mwendo ule, kimwoneshe njia aliyoiacha, na kumruhusu aendelee kucheza kutoka hapo.